Nyaya Arobaini

Kila Ijumaa, kengele ya saa tisa na nusu ilipolia, wanafunzi wengine walikimbilia uwanjani, naye Nanyama akaenda kwa Mwalimu Chepkemei kuchukua ufunguo. Alifungua chumba kidogo kilichopakana na stoo ya vitabu, akaondoa kitambaa kilichofunika kompyuta, akafuta lile vumbi jekundu la Kitale lisilojua kizuizi cha mlango wala dirisha. Kisha alibonyeza kitufe akasubiri. Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu, ya kasha zito la chuma, na kabla ya kuamka ilikohoa kama mzee aliyelala karibu na moshi.

Nanyama alikuwa na miaka kumi na mitatu, Gredi ya Nane, na ndiye aliyekuwa mtunza mashine wa Chama cha Kompyuta. Chama kilikuwa na wanafunzi kumi na wanane na kazi moja kubwa muhula huo. Nyuma ya jiko la shule walikuwa wamepanda mahindi katika vishamba viwili, kimoja kwa samadi ya ng'ombe, kingine kwa mbolea ya dukani. Kila Ijumaa walipima urefu wa mimea na kuipiga picha kwa simu ya Mwalimu Chepkemei. Picha zikiisha kuingizwa kwenye kompyuta, zilifutwa kwenye simu, maana simu ilikuwa imejaa. Siku ya wazazi, mwishoni mwa Julai, ndipo wangeonyesha safari yote ya mahindi yao, tangu mche mpaka mbelewele.

Si kwamba Nanyama alipewa ufunguo kwa bahati. Mwezi wa Februari kompyuta hiyo ilipokufa, yeye ndiye aliyeinua mkono darasani akasema, "Madam, kaka yangu ni fundi. Anaitwa Wekoye, yuko Bungoma." Wekoye alikuwa mtoto wa dada mkubwa wa mama yake, na alikuwa ameishi kwao Kitale miaka minne alipokuwa shule ya upili. Alikuja na begi lake la bisibisi, akaweka diski nyingine na kebo nyingine, na jioni hiyo mashine ikafufuka. Shule nzima ilimpigia makofi. Nanyama alitembea siku tatu akiwa ameinua kidevu.

Likizo ya Aprili alikwenda kukaa naye Bungoma, katika duka lake dogo karibu na reli. Huko ndiko alikojifunza.

"Unadhani umeme ukiingia tu, diski inaanza kumwaga data?" Wekoye alimwuliza siku moja.

"Si ndivyo?"

"Hapana. Kuna kadi inayoisimamia diski. Hizo mbili lazima ziulizane kwanza. Kadi inauliza, wewe unaweza mwendo gani? Diski inajibu, mimi naweza huu, na huu, na huu wa kasi zaidi. Kadi nayo inaujua mwendo wake. Halafu inatazama njia." Alinyanyua kanda mbili pana za nyaya. "Njia yenyewe ndiyo hii kebo. Hesabu."

Nanyama alihesabu kwa ncha ya penseli. Moja ilikuwa na nyaya arobaini, nene. Ya pili ilikuwa na themanini, nyembamba kama uzi wa cherehani.

"Hii ya themanini, nusu ya nyaya zinabeba data, na nusu zimekaa katikati kuzitenganisha, ili data zikienda mbio zisivurugane. Hii ya arobaini inafanya kazi, lakini polepole. Kwa hivyo kadi na diski zinakubaliana mwendo wa juu kabisa ambao zote mbili zinauweza, na njia inauweza. Data zikianza kufika zikiwa mbovu, zinashuka ngazi moja. Zikiendelea kuharibika, zinashuka nyingine."

"Na ukizilazimisha zikimbie?"

Wekoye alicheka. "Fundi mwenye akili halazimishi, bana. Ukilazimisha, leo utasifiwa, kesho utalia."

Nanyama aliyaandika maneno hayo katika daftari lake. Hakuna mtu mzima mwingine aliyewahi kumweleza jambo kama hilo bila kumwambia kwamba bado ni mdogo.

Katikati ya muhula, mwezi wa Juni, shule ilifungwa kwa siku chache. Nanyama alitumwa Kamukuywa kumsaidia nyanya yake kupalilia maharagwe. Aliporudi alikuta habari njema: Wekoye alikuwa amepita kuikagua kompyuta, na sasa ilikwenda kasi kuliko zamani. Kweli ilikuwa na kasi. Picha zilifunguka mara moja. Hata Kiplangat, mvulana asiyesifu kitu, alisema, "Hii mashine imekunywa nini?"

Wiki tatu baadaye, Ijumaa kama nyingine zote, Nanyama alifungua picha za wiki ya saba. Nusu ya juu ilionyesha majani ya mahindi. Nusu ya chini ilikuwa ya kijivu tupu. Alifungua nyingine, nayo ikawa na mistari ya zambarau. Ya tatu ilikataa kufunguka. Kisha mashine yote ikaganda, na kila walipoiwasha iliganda tena.

"Picha zetu ziko wapi?" Kiplangat aliuliza.

Mahindi yalikuwa yameshampita Mwalimu Chepkemei kwa urefu, na hakuna mtu wa kuyarudisha chini yapigwe picha upya.

Mwalimu alimwita Nanyama ofisini, akafunga mlango, akampigia Wekoye simu na kuiweka mezani ili wote wawili wasikie. Nanyama alikaa ukingoni mwa kiti. Hakuwa na hofu. Kaka angejua la kufanya.

"Ati imeharibika?" sauti ya Wekoye ilisikika. "Madam, mimi niliiacha hiyo mashine ikiwa sawa kabisa. Labda ni huyo mtoto ameichokora."

"Mtoto yupi?"

"Si huyo Nanyama. Hawezi kuona skrubu akaiacha. Nilimwonyesha kidogo tu hapa dukani, sasa anajiona fundi." Akacheka, kicheko kile kile cha Bungoma.

Nanyama aliitazama simu. Alitaka kusema, "Kaka, niko hapa." Alingoja Wekoye aseme kwamba alikuwa akifanya mzaha. Simu ikakatika.

Mwalimu Chepkemei hakupiga kelele. Alinyoosha tu kiganja, na Nanyama akaweka ufunguo juu yake.

"Nilikuamini," mwalimu alisema.

"Madam, sijaifungua."

"Kaka yako mwenyewe anasema ulifungua. Kwa nini akusingizie?"

Hilo ndilo swali Nanyama alilotembea nalo hadi nyumbani. Kama ni adui aliyemsema, angejua la kufanya. Lakini huyu ni mtu aliyemfundisha kushika bisibisi, aliyemwita "fundi wangu" mbele ya wateja, na ambaye Nanyama mwenyewe ndiye aliyemleta shuleni. Kikulacho ki nguoni mwako, walimu walikuwa wakisema, naye alikuwa ameikariri methali hiyo kwa ajili ya mtihani tu.

Mama alikuwa uani akichambua mboga za saga. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa imesimama.

"Wekoye hawezi," alisema. "Wekoye nimemlea mwenyewe. Labda uligusa kitu kidogo tu, ukasahau?"

"Hata wewe, mama?"

Aliingia ndani, akajilaza kifudifudi. Baada ya muda mama alimfuata, akaketi kando ya kitanda.

"Niangalie, Nanyama. Ulifungua hiyo mashine?"

Nanyama aligeuka akamtazama machoni. "Tangu nipewe ufunguo sijalegeza hata skrubu moja."

Mama alimkazia macho kwa muda mrefu, kisha akashusha pumzi. "Basi nimekosea kukuuliza vile. Lakini mimi kukuamini hakutoshi. Jumatatu nenda kwa mwalimu wako, sema mchana kweupe. Mwenye haki hajifichi."

Jumatatu ilianza vibaya. "Niaje, fundi? Leo unaharibu nini?" Kiplangat alimwuliza langoni, na wenzake wakacheka. Wengine hawakucheka, lakini walimpisha njia kama mtu mwenye surua. Nanyama aliuma meno. Kipindi cha mapumziko kilipofika alikwenda moja kwa moja ofisini.

"Madam, naomba tuifungue kompyuta pamoja. Sitagusa kitu mpaka uniambie."

Mwalimu Chepkemei alisita, akatazama saa, akachukua ufunguo.

Kifuniko cha kasha kilipoondolewa, Nanyama aliinama akautazama ule ukanda wa nyaya uliotoka kwenye diski. Alichukua penseli, akaanza kuhesabu kwa sauti, akifika kumi anapumzika, anaendelea. Aliishia arobaini.

"Hesabu na wewe, Madam."

Mwalimu alihesabu. "Arobaini. Kwani ni mbaya?"

"Si mbaya. Lakini si yetu. Kaka alituwekea yenye themanini mwezi wa Februari, na mimi ningeitoa wapi hii?" Kisha alieleza, kwanza kwa kigugumizi, halafu kwa mfululizo, jinsi kadi na diski zinavyokubaliana. "Zingeachwa zikubaliane zenyewe, kadi ingeona njia ni hii, zingekwenda polepole, na picha zetu zingefika salama. Lakini mashine ilikuwa ikikimbia. Mtu amezilazimisha."

"Unaweza kunionyesha?"

Waliwasha mashine na kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio, ule unaotokea kabla kompyuta haijaamka sawasawa. Palipohusu diski, mahali ambapo mashine huachwa ijiamulie mwendo, palikuwa pamefungwa kwenye kasi ya juu kabisa. Nanyama alijaribu kupabadilisha. Kisanduku kilitokea kikidai neno la siri.

"Silijui," alisema.

Mwalimu Chepkemei aliketi polepole. Alikumbuka siku ya Februari, Wekoye akiwa amesimama mbele ya mwalimu mkuu, akisema kwamba neno la siri angebaki nalo yeye peke yake, ili watoto wasichezee mipangilio. Hata yeye mwalimu hakupewa.

"Nimpigie simu sasa hivi?" alijiuliza kwa sauti. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Mambo mengine yanataka uso kwa uso."

Jumamosi walikwenda Bungoma kwa gari dogo la mwalimu: mwalimu mwenyewe, mama, na Nanyama nyuma, akiishikilia kompyuta isigongwe kwenye mashimo ya barabara.

Wekoye aliwaona akaruka kutoka kitini. "Mama mdogo! Madam! Karibuni, karibuni. Na fundi wangu mdogo!"

Nanyama aliweka mashine juu ya meza ya kazi, akaondoa kifuniko.

"Kaka, hesabu hizi nyaya."

"Aah, si tunywe chai kwanza, mmetoka mbali bana."

"Hesabu."

"Hesabu, Wekoye," mama alisema. "Hatuna haraka."

Wekoye aliinama. Alianza moja, mbili, tatu, na alipofika kumi na moja sauti ikafifia. Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri redio yake aliona hali, akatoka nje taratibu.

"Nilikuwa nirudishe," Wekoye alisema hatimaye. "Nilikuwa na mashine ya ofisi fulani, nzee kama hii, kebo yake imeungua. Kebo za themanini siku hizi hazipatikani. Nikasema nichukue ya shule siku mbili tu. Nikaweka hii. Lakini nilijua itakuwa polepole na Madam ataniuliza, kwa hivyo nikaifunga kwenye kasi ya juu. Siku mbili zikawa wiki."

"Na simu?" mwalimu aliuliza. "Nilipokupigia?"

"Niliogopa. Kuna shule zingine zilikuwa zimesema zitanipa kazi. Jina likiharibika, nimekwisha. Nikaona mtoto hatafanywa kitu. Ataambiwa asirudie, yaishe."

"Haikuisha," Nanyama alisema. "Nilinyang'anywa ufunguo. Shuleni wananiita mharibifu. Mama aliniuliza kama ninadanganya. Kebo ningekusamehe siku hiyo hiyo, kaka. Lakini ulisema najiona fundi, halafu ukacheka. Nilikuwa nimekaa pale. Nilikusikia."

Rangi ilimtoka Wekoye usoni. Hilo hakulijua. Aliketi juu ya kreti la soda.

"Nilimshuku mtoto wangu kwa sababu yako," mama alisema. "Kwa sababu nilidhani nakujua."

Wekoye alijifuta uso kwa mkono wa shati. Hakujitetea tena. Aliita bodaboda, akaenda kwenye ile ofisi, na baada ya saa moja hivi alirudi na kebo ya nyaya themanini mkononi. Aliifunga, akafungua ukurasa wa mipangilio, akaandika neno la siri, akairudisha kadi kwenye hali ya kujiamulia. Kisha akaliandika neno hilo kwenye karatasi na kumpa Mwalimu Chepkemei. Mashine iliwaka bila kuganda. Alishinda nayo hadi jioni akiokota alichoweza. Picha zote za wiki tano za kwanza zilikuwa salama. Za wiki ya sita alizipata karibu zote. Za wiki ya saba na ya nane zilikuwa zimekwenda na maji.

"Ijumaa uje shuleni," mwalimu alimwambia. "Uliyomsema kwenye simu, uyafute mbele ya wale waliomcheka."

Alikuja. Alisimama mbele ya Chama cha Kompyuta, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa, akasema, "Kompyuta yenu niliiharibu mimi. Nanyama hakuigusa. Nilimsingizia ili nijiokoe." Kisha Mwalimu Chepkemei naye alisimama.

"Na mimi nina la kusema. Nilisikia neno la mtu mzima, nikaliamini bila kulipima, kwa sababu tu la mtoto lilikuwa dhaifu. Nanyama, nisamehe."

Kiplangat aliangalia viatu vyake. Baadaye, walipokuwa wakipanga jedwali la siku ya wazazi, alileta kiti chake karibu na cha Nanyama akauliza, "Hizo wiki mbili tuziandike nini? Tukadirie tu? Hakuna atakayejua."

"Tuandike kumbukumbu zilipotea," Nanyama alijibu.

Kiplangat alifikiri kidogo, akachukua rula na kalamu, akaandika hivyo hivyo, kwa herufi kubwa.

Wekoye alikuwa akimsubiri nje, begi begani. "Likizo ya Agosti," alisema, "utakuja Bungoma?"

"Sijui, kaka."

"Sawa. Ukitaka kuja, mlango uko wazi. Usipotaka, nitaelewa." Akaondoka kuelekea barabarani, akitembea upesi, kichwa chini.

Nanyama alimtazama mpaka akapotea nyuma ya ua wa misonobari. Mwalimu Chepkemei alitoka, akasimama kando yake.

"Madam, nimefanya vibaya kutomwambia nitakuja?"

"Hapana. Amesema ukweli leo, na hilo si dogo, lina uchungu wake. Lakini ukweli wa siku moja haurudishi imani ya siku zote. Imani atairudisha kidogo kidogo, na wewe ndiye utakayejua lini imetosha." Mwalimu alimgeukia. "Unajua kinachoniuma? Angeniambia siku ile ya Juni, 'Madam, kebo yenu nimeiazima, mashine itakwenda polepole wiki mbili,' ningekasirika nusu saa. Tungekuwa na kompyuta ya polepole na picha zote. Aliona haya kukiri kosa dogo, akalifunika kwa uongo, na uongo ule ukahitaji mtu wa kuubeba. Ukikosea, Nanyama, sema mapema, kosa likiwa bado jepesi. Mtu anayesema 'hapa nimeshindwa' hata wakimcheka, kesho watampa kazi tena, kwa sababu neno lake lina uzito."

"Ndiyo, Madam."

"Haya, ingia. Wenzako wanakuita."

Ndani, sauti ya Kiplangat ilikuwa ikiuliza kwa nguvu nani anajua kuingiza picha za wiki ya tisa. Nanyama alijifuta macho kwa kiganja, akaingia.